Toa Tano Nyuma

Béa alinipigia simu Jumanne mchana, nimelala chini ya gari la mteja na rula mkononi, akaniambia baba yake amefariki. Alianza kwa Kiingereza, kisha akarudia kwa Kiswahili chake cha kusikia zaidi kuliko kusema: "Papa amekufa, uncle. Jana asubuhi." Nikasema pole, pole sana mama, poleni nyote, na mengine tunayosemaga watu wazima tukikosa la kusema. Halafu akaniomba jambo. Jumamosi watu watakaa nyumbani kwao Bellevue, hapa Johannesburg, kwaya ya kanisa itaimba, na Mama anataka mtu mmoja wa kazini asimame aseme maneno mawili juu ya Papa Kazadi alivyokuwa fundi. "Hatujui mwingine wa kazini isipokuwa wewe," akasema. Nikaitika. Simu ilipokatika nilibaki palepale sakafuni, naitazama rimu ya mtu bila kuona hata namba yake. Maana mimi ndiye niliyemtoa Papa Kazadi kwenye kazi ile, na katika nyumba ile hakuna anayejua. Wanachokijua wao ni kwamba mzee alikosea, akaharibu rimu za mtu, akafukuzwa. Nami kwa zaidi ya miaka ishirini nimewaacha wajue hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne mwaka ule. Nilipanga Bellevue, mitaa miwili kutoka kwa Papa Kazadi, katika nyumba ya zamani yenye veranda ya nguzo na dari la bati la nakshi, ambayo mwenyewe aliigawa kwa mbao hata sebule peke yake ikazaa vyumba vitatu. Changu kilipata nusu ya dirisha. Sisemi kwa utani: ubao wa kugawia ulipita katikati ya dirisha, nusu yangu, nusu ya jirani, na kulifungua ilikuwa lazima tukubaliane, nasi hatukuwa na lugha ya kukubaliana. Yeye na mkewe walisema lugha ya kwao huko magharibi mwa Afrika ambayo sijaijua mpaka leo. Lakini baada ya miezi miwili nilishajua wanagombana juu ya nini. Mke akipandisha sauti ni mambo ya mawifi, mume akinyamaza ghafla ni pombe. Nilikuwa nakaa kitandani na kikombe cha chai nikiwasikiliza kama redio, na wakipatana nilifurahi, na wakisafiri nilisononeka. Wikiendi niliweza kumaliza siku mbili bila neno kunitoka kinywani. Ikafika mahali naenda spaza, kiduka cha mtaani, kununua mkate nisiouhitaji ili muuzaji aseme "sharp, bhuti" yaani poa kaka, nami nijibu "sharp", basi, nirudi zangu na mkate. Watu hudhani upweke ni kulia. Wangu ulikuwa wa mate kukauka tu, na mikate kuota ukungu.

Kazi niliipata kwa sababu ya lethi, mashine ya kukereza vyuma, niliyoisomea Morogoro. Karakana ilikuwa ya Kobus, Mzungu mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, mwendo wa dakika ishirini kwa mguu kutoka Marshalltown. Walikuja pale vijana wenye mishahara ya ofisini na magari ya michezo ya milango miwili, wanataka kuvua rimu zilizokuja na gari na kuvaa nyingine, pana zaidi, zinazong'aa zaidi, ili wakisimama kwenye robot, taa za barabarani, watu wageuze shingo. Kobus aliuza, mimi nilikereza, na aliyeamua rimu ipi ikae kwenye gari lipi, na ikae vipi, alikuwa Papa Kazadi wa Lubumbashi. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akanitazama kama nimemwomba sigara. "Shikamoo ni kintu gani? Kwetu sema jambo, petit, inatosha." Petit, yaani mdogo. Hakuniita jina lingine tangu siku ile. Alipojua natoka Tanzania aligonga paja akacheka: sasa amepata mtu wa kumsemea! Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, Kobus hakuwa na Kifaransa wala Kiswahili, na kabla yangu walikuwa wakisemezana kwa vidole na matusi. Tangu hapo Kobus akitaka kitu kwa Papa anapitia kwangu, na Papa akitaka kitu kwa Kobus anapitia kwangu. Nilijiona mtu mkubwa. Karakana nzima isingeweza kusema bila ulimi wangu.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa nilichofanya. Rimu si duara tu. Nyuma yake pana kikalio, pale inapogusana na ekseli na kufungwa nati. Kikalio hicho kwa kawaida hakiko katikati ya upana wa rimu, kimesogea, na kimesogea kiasi gani ndiyo habari yote. Wenyewe wanaiita ofseti, nayo imegongwa kwenye chuma kwa herufi mbili, ET, na namba mbele yake: thelathini na tano, arobaini na tano. Vijana walikuja wanajua inchi na rangi. Namba ile hawakuwa na habari nayo. Ukikosea kwa kuzidisha, tairi inaingia ndani mno inakwaruza shokabu. Ukikosea kwa kupunguza, inatokeza nje ya fenda kama meno ya farasi, inakula bodi, na beringi haimalizi mwaka. Papa hakutumia kitabu. Alipiga magoti, akaweka rula ya chuma wima kwenye fenda, akapima kwa vidole nafasi ya ndani, akafumba macho kidogo, akataja namba. "Gari ni kama muntu," alikuwa ananiambia. "Kiatu ikimubana, hata ikuwe ya bei gani, hatembei muzuri." Na ndiye aliyenifundisha kanuni ambayo wenye Kiingereza wanaichanganya mpaka kesho, kwa sababu kwao namba kubwa inaingiza na namba ndogo inatokeza, na akili inakataa. Papa alicheka tu. "Kwa Kiswahili iko rahisi, petit. Ukitoa, inatoka. Unatoa kwa namba, tairi inatoka inje. Njo vile." Toa tano, na tairi inatoka mili tano, yaani milimita. Lugha imeshafanya hesabu.

Jumapili ya tatu akaniita kula. Walikuwa na vyumba viwili na jiko la kushirikiana, na meza ambayo ilibidi isogezwe ili mlango ufunguke, kwa hiyo anayekuja akigonga, wote mnanyanyuka na sahani zenu. Mama Béa alipika sombe na samaki wa chumvi na bukari, yaani ugali wetu, ila akisikia nauita ugali anatabasamu, na nikiita sombe kisamvu anaweka kijiko chini kabisa. "Kisamvu! Mi nilizani ni jina ya ugonjwa." Alimuuliza Béa kwa Kiswahili kama amesoma, Béa wa miaka saba akajibu kwa Kiingereza, baba akamkemea kwa Kifaransa, mtoto akamalizia kwa Kizulu jambo ambalo hatukulielewa sote watatu na pengine ilikuwa heri. Mimi nilikula na kusema. Nilisema sana! Nilisema mpaka nikaona aibu, maneno ya wiki nzima yakitoka pamoja na matonge ya bukari. Mama Béa akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, akidhani sisikii, "Huyu mutoto hana na batu." Huyu mtoto hana watu. Nilijifanya nachambua mwiba wa samaki. Toka hapo kila Jumapili sahani yangu ilikuwepo bila kuulizwa, na kwa miezi saba nilikuwa na watu.

Rimu za Themba zilikuja mwezi wa baridi. Themba alikuwa wa Soweto, kijana mpole, gari lake jekundu la milango miwili alilifuta kwa kitambaa kabla hajaliacha kwetu. Rimu alikuwa ameziagiza ng'ambo na kuzisubiri miezi, nne, za nyuma pana kuliko za mbele. Papa alilipima gari Alhamisi asubuhi. Mbele sawasawa. Nyuma, tairi zilikuwa zinakaa ndani kidogo, gari linaonekana limekunja miguu. Saa sita mchana Papa alitakiwa kuondoka kwenda kwenye foleni ya makaratasi yake ya ukimbizi, foleni ambayo ukiikosa umeikosa. Akavaa koti, akachungulia kwenye chumba cha lethi, mashine inapiga kelele, akapaza sauti: "Petit! Ile nyekundu, utoe tano nyuma! Mi naenda." Nikanyanyua kidole gumba. Toa tano nyuma. Nimeyarudia maneno matatu haya kuliko sala yoyote.

Papa alisema lugha ya mpimaji. Nyuma, yaani nyuma ya gari. Toa tano, yaani punguza tano kwenye ofseti, tairi zitokeze mili tano. Kwa kazi hiyo mtu anakereza spesa mbili, pete za aluminiamu za unene wa mili tano, anaziweka kati ya rimu na ekseli, kwisha. Lakini mimi ni mkerezaji. Kwa mkerezaji, kutoa ni kunyoa chuma. Na nyuma ya rimu ni mgongo wake, pale penye kikalio. Mwambie mkerezaji yeyote anayesema Kiswahili atoe tano nyuma, na ampe rimu mkononi, uone atafanya nini. Nilizifunga zile mbili kwenye mashine, moja baada ya nyingine, nikanyoa vikalio vyake mili tano, chuma kinatoka kama maganda ya viazi, na nilikuwa napiga mluzi. Ukinyoa kikalio tairi haitoki, inaingia. Mwalimu wangu aliniambia nitoe, nikaingiza. Wasiwasi ulinijia mara moja, siwezi kuukana, kwamba mili tano mbona nyingi. Nikaufukuza, maana ile mashine ilikuwa mahali pekee katika Johannesburg ambapo sikuwa mgeni.

Asubuhi yake tulifunga tairi ya nyuma ya kushoto, nikaizungusha kwa mkono, ikalia krrr. Papa akapeleka vidole ndani, akavuta, akaivua, akaigeuza. Kikalio kilikuwa kinang'aa kama sufuria mpya. "Petit. Umefanya nini?" Nikamwambia, "Ulisema nitoe tano nyuma." Akaigonga rimu kwa kidole. "Nyuma ya gari," akasema polepole. "Kutoa. Itoke." Nami nikasema, "Lahaula," na yeye akasema, "Eh, Mungu wangu," tukatazamana, na, amini usiamini, tukaanza kucheka. Tulicheka kwa kushikana mabega, watu wazima wawili, kicheko cha msibani, kwa sababu katika mji mzima ule ni sisi wawili tu ambao tungeweza kukosea hivyo. Kobus alitukuta tunacheka, na Themba yuko nyuma yake.

Themba hakupiga kelele. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye kile kikalio kilichonyolewa, akasema "eish" kwa sauti ya mtu aliyepewa habari za nyumbani. Angepiga kelele ningekuwa na nguvu ya kujitetea. Kobus aliuliza kama pete nene itarekebisha. Papa akatikisa kichwa hata kabla sijatafsiri, akaonyesha kwa kidole na gumba jinsi chuma kilivyobaki chembamba. Rimu ile kwenye barabara kuu ni kaburi. Basi Kobus akanigeukia mimi. Nani kakwambia ukate? Wakati huo kibali changu cha kukaa nchi hii kilikuwa kimeandikwa kwa barua ya Kobus. Barua ikifutwa, mimi ni kupanda basi kurudi kwetu, mikono mitupu. Niliogopa. Sina neno lingine zuri zaidi. Nikasema kwa Kiingereza, aliniambia yeye: kata mili tano kwenye mgongo wa rimu. Kobus akasema, muulize, ni kweli alisema hivyo? Nikamgeukia Papa Kazadi, nikamuuliza kwa Kiswahili safi: "Anauliza, ulisema toa tano nyuma?" Papa akajibu, "Ndiyo, nilisema hivyo." Nikamgeukia Kobus nikasema, anasema ndiyo.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Ulimi wangu siku ile ulitembea wima, neno kwa neno. Kwenye mahakama yoyote ningeapa na nisingepatikana na kosa. Papa alikuwa bado ananitazama. Alikuwa na uso wa mtu anayemsubiri mwenzake avute pumzi aendelee. Nikatazama sakafu. Kobus akasema mengi, nikatafsiri machache, na kabla ya saa nne Papa Kazadi alikuwa ameweka rula yake kwenye mfuko wa plastiki na kuvuka barabara.

Baada ya mwezi nilipewa kazi yake, na kwenye lethi akaletwa mwingine. Habari zilitembea karakana kwa karakana, kwamba kuna Mkongo mzee anakata rimu za watu ovyo, na kila alipobisha hodi jina lilikuwa limemtangulia. Akaishia kulinda magari ya watu Marshalltown, amevaa koti la kung'aa, akiyaongoza kuingia na kutoka kwa mkono. Jumapili sikwenda. Ya kwanza nilijiambia nina mafua. Ya pili sikujiambia kitu. Nililala na kuwasikiliza majirani, nao mwezi ule walipatana, wakawa hawasemi sana. Bellevue si kubwa, nikawa nazunguka kwa mbali nisipite mtaa wao, na dukani nikaanza tena kununua mikate.

Nilikwenda baada ya miezi miwili, saa tano asubuhi, wakati najua Mama Béa na mtoto wako kanisani. Papa alifungua mlango nusu, kwa sababu ya ile meza. Nikamweleza yote mbiombio: kwamba nilielewa palepale, kwamba nilitafsiri nusu, kwamba niliogopa. Nilidhani namletea habari. "Petit," akasema, "mi najua Kiingereza ya gari. Nilisikia kila kintu." Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema: "Nilikuwa nangojea umalize." Nikamwambia nitakwenda kesho kwa Kobus nimweleze. Akauliza Kobus ameshaweka mtu kwenye nafasi yake? Nikasema ndiyo. Nani? Nikasema, mimi. Hapo akacheka, si kwa ubaya, akaniambia nisalimie watu wa kazini, akafunga mlango. Hakunikaribisha ndani. Na kesho yake kwa Kobus sikwenda, wala keshokutwa, na hilo ndilo linalonila zaidi, maana la kwanza lilikuwa la dakika moja na hili nimelifanya kila siku kwa miaka.

Jumamosi aliyoitaja Béa nilivaa suti nikaenda kwao. Turubai lilijaa, viti vya plastiki mpaka barabarani, wanakwaya wa kanisa lao, walinzi wenzake wa magari na makoti yao ya kung'aa. Mama Béa alikuwa mkekani kati ya wanawake, amekuwa mdogo. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kawaida, kwamba alikuwa mchapakazi, mcheshi, mcha Mungu. Niliposimama na kumwona, yakanipotea. Nikasema kwa Kiswahili, polepole ili na watoto wanaosikia kidogo wasikie, kwamba Papa Kazadi hakukosea rimu zile. Nikaeleza maneno matatu alivyoyasema na mimi nilivyoyafanya, na nilivyoulizwa, na nilivyojibu. Wajukuu walimvuta Béa nguo wakitaka kujua mjomba anasema nini. Nikasema alikuwa fundi bora niliyepata kumwona, na kwamba jina lake nililiharibu mimi. Nikakaa.

Mama Béa hakunitazama. Alikuwa anavuta uzi kwenye ukindu wa mkeka. "Kila akikosea kintu hapa nyumba," akasema, kama anaongea na wale wanawake tu, "akitia chumvi mingi, akifunga mulango mubaya, mi nilikuwa namuambiaka: ni kama zile rimu zako. Miaka yote. Na batoto bakacheka." Akaukata ule uzi. "Na yeye alikuwa anachekaka na siye."